Nafasi Kati ya Bodi Mbili: Mwongozo kwa Anayejenga Katamarani

Kabla hujamwambia fundi akate boriti za kuunganisha bodi mbili, jibu swali hili kwanza: chombo chako kitatembea kwa kasi gani katika siku za kawaida za kazi? Usijibu kwa kasi ya juu kabisa ambayo injini inaweza kufikia, wala kwa kasi aliyoitaja muuzaji. Jibu kwa kasi utakayoishika saa nyingi, chombo kikiwa na abiria, mafuta na mizigo yake. Jibu hilo ndilo litakaloamua upana wa mfereji wa maji kati ya bodi zako. Bila hilo, kipimo chochote utakachopewa ni cha kubahatisha.

Nasisitiza hivyo kwa sababu wengi huuliza katamarani nzuri iwe na upana gani, kana kwamba ipo namba moja inayowafaa wote. Haipo. Nafasi inayoifaa boti ya noti 6 inaweza kuilia mafuta boti ya urefu uleule inayokwenda noti 10, kisha isiwe na shida kubwa kwa ile inayokwenda noti 20. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 0.514 kwa sekunde. Shika kipimo hicho, maana tutakitumia.

Kinachotokea ndani ya mfereji

Chombo kinachoelea hupambana na ukinzani wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni msuguano wa maji na ngozi ya bodi. Wa pili ni nguvu inayopotea katika kuzalisha mawimbi. Kwa upande wa msuguano katamarani huanza safari ikiwa na hasara. Ukiigawa bodi moja kuwa mbili zenye urefu uleule, kila moja ikabeba nusu ya uzito na umbo la mkato wake likabaki vilevile, eneo linaloguswa na maji huongezeka kwa takriban asilimia 41. Faida yake iko kwenye mawimbi: bodi nyembamba hupasua maji bila kuyainua sana. Kwa hiyo chochote kinachokuza tena mawimbi hayo kinaondoa sababu yenyewe ya kujenga bodi mbili.

Mfereji wa kati huleta mambo mawili. La kwanza ni kubanwa kwa maji. Bodi huwa nene katikati kuliko omo na tezi, hivyo nafasi baina ya bodi mbili hupungua kadiri maji yanavyosogea kuelekea katikati ya chombo. Maji yaliyobanwa hukimbia zaidi, kama yanavyofanya unapominya mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole. Yakikimbia, kanieneo hushuka. Uso wa maji ndani ya mfereji hudidimia kidogo, bodi hukaa chini kuliko ambavyo kila moja ingekaa peke yake, na ubavu wa ndani husuguliwa na maji yenye mwendo mkubwa kuliko ubavu wa nje. Kwa kuwa kanieneo ya ndani na ya nje hazilingani, sehemu ya maji hupita kwa mshazari chini ya mkuku, kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Hiyo nayo ni nguvu inayopotea. Bodi zenyewe huvutwa zikaribiane, na mvuto huo hubebwa na boriti.

La pili ndilo zito: kukutana kwa mawimbi. Kila omo huacha nyuma yake mkia wa mawimbi wenye umbo la kabari. Mwaka 1887 mwanafizikia William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alionyesha kwamba kwenye maji ya kina kirefu kila upande wa kabari hiyo hufanya pembe ya takriban nyuzi 19.5 na njia ya chombo. Ndani ya kabari kuna mawimbi ya mshazari yanayokimbilia pembeni na mawimbi ya kukingama yanayofuata chombo nyuma. Bodi mbili zinapokwenda sambamba, kabari zake hupishana katikati. Wimbi la bodi ya kushoto hugonga ubavu wa bodi ya kulia, na la kulia hugonga la kushoto.

Hapa pana hesabu ambayo kila mjenzi anapaswa kuijua. Nishati ya wimbi hufuata mraba wa kimo chake. Mawimbi mawili ya sentimita 20 yakikutana kilele kwa kilele huwa wimbi moja la sentimita 40, na nishati yake ni mara nne ya wimbi moja. Yangekwenda kila moja kivyake, jumla yao ingekuwa mara mbili tu. Ziada hiyo hutoka kwenye injini yako au kwenye tanga lako. Kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, mawimbi hufutana na chombo hupata nafuu. Upana wa mfereji, urefu wa bodi na kasi kwa pamoja ndivyo huamua kama utapata hasara au nafuu.

Tafuta namba ya chombo chako

Namba inayounganisha kasi na urefu hubeba jina la Mwingereza William Froude, aliyejenga tangi la kukokotea mifano ya meli huko Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kuipata si kazi ngumu. Pima urefu wa bodi pale inapokutana na maji, chombo kikiwa na mzigo, wala usipime urefu wa juu wa sitaha. Zidisha urefu huo, kwa mita, na 9.81. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kisha gawanya kasi yako, kwa mita kwa sekunde, kwa kipeuo hicho.

Chukua boti yenye mita 10 kwenye maji. 9.81 mara 10 ni 98.1, na kipeuo chake ni 9.9. Noti 10 ni mita 5.14 kwa sekunde. 5.14 gawanya kwa 9.9 ni 0.52. Boti hiyohiyo kwa noti 6 ina namba 0.31, na kwa noti 16 ina 0.83.

Namba ikiwa chini ya 0.3, mawimbi ni madogo na msuguano ndio unaotawala. Upana wa mfereji hauna uzito mkubwa hapo. Fedha na nguvu zako zielekee kwenye usafi wa chini: kwangua mwani na viumbe vilivyoota, lainisha, paka deheni au rangi nzuri ya kuzuia uotaji. Boti ya mwendo wa taratibu yenye bodi chafu haiokolewi na kipimo chochote cha boriti.

Eneo la hatari ni kati ya 0.4 na 0.6, na kilele chake kiko karibu na 0.5. Kwenye 0.4 wimbi la kukingama huwa na urefu sawa na bodi yenyewe, kwenye 0.5 huwa mara moja na nusu na ushei. Tezi hudidimia kwenye bonde, omo huinuka, na mawimbi ya bodi mbili huelekea kujumlishana badala ya kufutana. Chini kidogo ya kilele hicho, karibu na 0.35 hadi 0.4, baadhi ya maumbo hupata nafuu ya kweli kwa sababu mawimbi ya kukingama hufutana, lakini nafuu hiyo ni nyembamba na hupotea kasi ikibadilika kidogo. Mimi simshauri mtu ajenge chombo cha kazi akiitegemea.

Ukipita 0.7 au 0.8 mambo hutulia. Chombo huyaacha nyuma mawimbi yake kabla hayajaidhuru sana bodi ya pili, na tofauti kati ya mfereji mwembamba na mpana hupungua. Ndiyo sababu hupaswi kuiga vipimo vya boti kubwa za mwendo kasi, zile katamarani zinazobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja. Boti ya aina hiyo ikiwa na mita 35 kwenye maji na ikienda noti 30, namba yake ni karibu 0.83. Imeshavuka kilima ambacho boti yako ya mita 10 inakipanda kutwa nzima ikiwa kwenye noti 10. Uwiano unaoifaa boti hiyo unaweza kuwa mbaya kwako.

Wenye ngalawa hawana haja ya kuhofu haya. Matengo hubeba vipande vyembamba vinavyoteleza juu ya maji au kuyagusa kidogo tu. Havizalishi mawimbi ya kushindana na mtumbwi wa kati. Ngalawa ina mambo yake mengine.

Nafasi yenyewe

Kipimo kinachotumika ni umbali kati ya mstari wa katikati wa bodi moja na mstari wa katikati wa bodi nyingine, ukigawanywa kwa urefu wa bodi kwenye maji. Usichanganye na nafasi wazi unayoiona ukisimama mbele. Bodi zenye upana wa mita 0.9 zilizowekwa mita 3.5 katikati kwa katikati huacha nafasi wazi ya mita 2.6, na kwa urefu wa mita 10 uwiano wake ni 0.35.

Katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, A. F. Molland na wenzake walikokota mifano mingi ya bodi nyembamba, kwanza bodi moja peke yake, kisha mbili pamoja kwa uwiano wa 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5. Ripoti yao ya mwaka 1994 bado ni chanzo muhimu kwa wabunifu. Kwa ufupi, mfereji wa uwiano wa 0.2 ndio uliopata adhabu kubwa kwenye eneo la namba ya Froude ya 0.5, adhabu ilipungua nafasi ilivyoongezwa, na kwenye mwendo wa kasi sana nafasi ilikuwa na athari ndogo. Majaribio hayo yalionyesha pia kwamba kinachotawala ukinzani kuliko vingine vya umbo ni wembamba wa bodi ukilinganishwa na uzito inaoubeba.

Jiometria ya Kelvin inatoa kipimo cha haraka. Ukingo wa kabari inayoanza kwenye omo moja hufika kwenye mstari wa bodi ya pili baada ya umbali wa mara 2.83 ya nafasi yako ya katikati kwa katikati. Nafasi ikiwa mita 2, ukingo huo hugonga bodi ya pili mita 5.7 kutoka omo, yaani katikati ya chombo cha mita 10. Nafasi ikiwa mita 3.5, hufika kwenye tezi. Kwa hiyo kwa boti itakayoishi kwenye namba 0.4 hadi 0.6, mimi ningeanzia uwiano wa 0.35 na nisingekubali kushuka chini ya 0.3 bila sababu nzito. Usidhani lakini kwamba ukifika 0.35 mawimbi yanaacha kudhuriana. Yanaendelea kukutana nyuma ya tezi, na nishati iliyomo kwenye mkia huo imeshalipiwa na injini. Kipimo hiki hukuonyesha pa kuanzia tu.

Upana nao una gharama yake. Boriti ndefu hupinda zaidi na kusokotwa zaidi bodi moja inapopanda wimbi huku nyingine ikishuka, kwa hiyo lazima ziwe nene, na unene ni uzito. Uzito huizamisha bodi, bodi ikizama hupoteza wembamba wake, na wembamba ndio mtaji wa katamarani. Nimeona mipango ya kupanua mfereji kwa nusu mita huku sitaha ikiongezewa paa zito na tangi la pili la maji. Mwenye mpango wa aina hiyo angefaidika zaidi kwa kupunguza kilo, au kwa kurefusha bodi, kuliko kwa kugusa boriti.

Wapo wanaotengeneza bodi zenye ubavu wa ndani ulionyooka na wa nje uliopinda, ili mawimbi mengi yatupwe nje na mfereji ubaki mtulivu. Kwa boti za kasi zinazoinuka juu ya maji umbo hilo lina nafasi yake. Kwa mwendo wa wastani ningebaki na bodi zenye pande sawa, kwa sababu bodi isiyo na ulinganifu huvutwa upande mmoja muda wote na boti huacha mawimbi makubwa zaidi kwa wavuvi inaowapita. Njia nyingine ni kuweka bawa chini ya maji, likivuka mfereji kutoka bodi moja hadi nyingine na kubeba sehemu ya uzito. Profesa K. G. Hoppe wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, ndiye aliyeendeleza muundo huo unaoitwa Hysucat. Ni kwa ajili ya boti za kasi, na bawa linahitaji ufundi mkubwa wa kulipanga. Usilijaribu kwa kukisia.

Maji mafupi

Yote niliyosema yanahusu kina kirefu. Kwenye maji mafupi kabari hufunguka, na kasi ikikaribia kipeuo cha pili cha 9.81 mara kina, mawimbi husimama karibu kukingama kabisa na ukinzani hupanda ghafla. Kwa kina cha mita 3 kasi hiyo ni mita 5.4 kwa sekunde, yaani noti 10.5. Kwa mita 5 ni noti 13.6, na kwa mita 10 ni noti 19.3.

Angalia tena boti yetu ya mita 10. Eneo lake baya ni karibu noti 10. Ikipita na kasi hiyo juu ya mchanga wenye kina cha mita 3, hupata adhabu mbili kwa wakati mmoja, na mfereji uliokuwa unatosha huko nje huonekana kama umeziba. Kwenye mwambao wetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4, hivyo njia yenye mita 6 wakati wa kujaa inaweza kuwa na mita 3 au pungufu wakati wa kupwa. Panga mwendo kwa kufuata jedwali la maji. Kwenye kina cha mita 3 shuka hadi noti 7, mafuta yatapungua na mikoko ya kandokando haitachimbwa na mawimbi yako.

Pima kabla ya kujenga

Huhitaji tangi la chuo kikuu kulinganisha nafasi mbili. Tengeneza bodi nne za mfano zinazofanana kabisa, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1, kwa ajili ya boti ya mita 10. Uzito hugawanywa kwa 1,000: boti ya tani 4 inakuwa mfano wa kilo 4, boriti zikiwemo. Kasi hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani 3.16, kwa hiyo noti 10 zinakuwa mita 1.63 kwa sekunde. Bandika utepe mwembamba wa msasa sentimita 5 nyuma ya kila omo, ili maji yavurugike kwenye ngozi kama yanavyovurugika kwenye bodi kubwa. Wekea kila bodi mkuku mdogo unaolingana na wa wenzake, isije mifano ikayumba.

Unganisha bodi mbili kwa nafasi ya sentimita 25 na mbili nyingine kwa sentimita 35, na uzipime ziwe na uzito sawa. Chukua mwanzi mwepesi wa mita 4. Funga mfano mmoja kila ncha, na kamba ya kuvutia katikati. Kokota kwa mashua ndogo yenye mti uliochomoza mbele ya omo, ili mifano ipite kwenye maji ambayo mashua haijayavuruga. Chagua alfajiri isiyo na upepo na mahali penye kina kisichopungua mita 1 na nusu. Panda maboya mawili yaliyoachana mita 20. Ukipita kati yake kwa sekunde 12 na robo, uko kwenye kasi sahihi.

Mfano wenye ukinzani mkubwa utabaki nyuma. Sogeza kamba ya kuvutia kuelekea upande wake mpaka mwanzi ukae mraba na njia ya mwendo, kisha pima mikono yake miwili. Ikiwa upande wa mfereji mwembamba una mita 1.9 na upande wa mpana una mita 2.1, gawanya 2.1 kwa 1.9. Jibu ni 1.105, maana yake mfereji mwembamba unakula nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10. Badilisha mifano upande na urudie, ili kosa la mwanzi au mkondo lijitokeze. Rudia kwa kasi za chini na za juu ya ile unayoikusudia. Kumbuka kwamba kwenye mfano mdogo msuguano huchukua sehemu kubwa kuliko kwenye boti halisi, kwa hiyo tofauti utakayoiona kwa kawaida ni ndogo kuliko ile itakayokukuta baharini.

Piga picha za mfereji kwa nyuma na kwa juu. Tazama kilele cha kati kinasimama wapi. Kikifika chini ya sakafu ya kati, sakafu hiyo ipandishwe, maana kwenye bahari iliyochafuka itapigwa. Tazama pia bonde liko wapi, hasa kama umepanga kufunga injini moja katikati. Propela iliyokaa kwenye bonde hunyonya hewa, injini hulia bila kusukuma, na watu huilaumu injini. Injini mbili, kila moja nyuma ya bodi yake, hukuondolea tatizo hilo.

Mwisho, waambie mafundi wasikaze boriti moja kwa moja. Mbunifu Mwingereza James Wharram alifunga boriti za katamarani zake kwa kamba, na vyombo vyake vilivuka bahari kuu. Kwa kamba au kwa bolti, acha matundu ya nafasi mbili, moja ya 0.30 na nyingine ya 0.35, sakafu ikiwa bado ya muda. Toka na mzigo kamili, andika lita kwa saa kwenye noti 8, 9, 10 na 11, kisha sogeza bodi na urudie siku yenye upepo, maji na uzito uleule. Tofauti ikiwa ndogo, chukua nafasi nyembamba na ukate boriti; ikiwa kubwa, bakisha ile pana, ndipo fundi akaze bolti na kupigilia sakafu ya kudumu.